Mama, Darasa Zima Lilisema kwa Mikono

Mama yangu,

Sikuwahi kukuita kwa sauti ukageuka. Watoto wenzangu pale Mpuguso walisimama mlangoni wakapaza, "Mamaa!" na mama zao wakaitika kutoka migombani. Mimi nilipiga kisigino sakafuni, wewe ukiwa umeinamia moto, nawe uligeuka palepale uso umeshaanza kucheka, kana kwamba ardhi ndiyo iliyokuambia kuwa mwanao amerudi shule.

Hukupata kusoma. Homa ilikuondolea masikio ungali mdogo, na bibi alinisimulia kwamba walipokupeleka shule, mwalimu alijaribu siku chache, kisha akakurudisha nyumbani kwa upole, akasema hajui pa kuanzia. Kwa hiyo barua hii siitii bahasha. Naiandika wazi, mbele za watu, ili kila aliyewahi kununua magimbi yako sokoni Tukuyu aisome. Wewe nitakusimulia mwenyewe kwa mikono nikija kaburini, kama nifanyavyo siku zote, wapita njia watazame wakitaka.

Nina habari kubwa, mama. Zimenijaa hadi kooni.

Uliondoka wakati nasubiri matokeo ya kidato cha nne. Yalipotoka nilikuwa nimefaulu, si kwa kishindo, lakini kwa kiasi cha kuniwezesha kuomba chuo cha ualimu. Nikaenda mjini, steshenari, dada wa kompyuta akanijazia maombi, nikarudi nyumbani kusubiri. Siku majina yalipotoka nilisimama nyuma ya kiti cha dada yule, yeye akishusha ukurasa na kuupandisha, akaushusha tena. Mwishowe akageuka.

"Pole, mdogo wangu. Jina lako halimo."

Nyuma yangu kwenye foleni alikuwepo mwalimu mmoja amekuja kutoa nakala za mitihani. Nilimfahamu kwa sura. Ni binti wa yule fundi cherehani wa Ibighi, mzee wa Kiislamu ambaye babu zake walitoka pwani, yule uliyempelekea sketi zangu za shule ashushe pindo kila nilipozidi kurefuka. Anaitwa Madamu Zuhura. Akaniuliza nilikuwa nimeomba nini. Nikamwambia.

"Umeshawahi kusimama mbele ya watoto?"

"Bado, Madamu."

"Basi njoo usimame. Darasa langu la kwanza limejaa mpaka mlangoni, na mimi nina mdomo mmoja. Mshahara hakuna, uji upo. Mwakani ukiomba tena, utakuwa unajua unachokiomba."

Ndivyo nilivyohamia Lupepo kwa shangazi, nikawa mwalimu wa kujitolea.

Shule yenyewe iko juu ya kilima, chai upande mmoja, migomba upande mwingine. Asubuhi ukungu huwa mzito kiasi kwamba nawasikia watoto kabla sijawaona. Nasikia kikohozi, kicheko, ndoo ikigonga jiwe, halafu masweta ya bluu yanachomoka kwenye ule weupe, moja moja, kama yanazaliwa hapohapo. Nilidhani nitazoea. Sikuzoea.

Siku za mwanzo nilikaa nyuma nikimtazama Madamu Zuhura akifundisha kusoma. Aliimba ba, be, bi, bo, bu, na darasa likaitikia mpaka madirisha yakatetemeka. Asubuhi moja binti mdogo wa safu ya mbele alikuwa akisukuma silabi kwa kidole, ba, ba, akasimama. Akainua macho. "Baba," alisema polepole, kisha akaruka juu. "Madamu, wameandika baba! Baba yuko humu!" Akawa anawaonyesha wenzake daftari, yuko hapa, yuko hapa. Madamu aliendelea na kazi yake, kwa kuwa kwake ni jambo la kila mwaka. Mimi nilitoka nje nikajifanya napenga kamasi. Nilikuwa nimemwona mtu akiingia duniani kwa mlango wa pili.

Na dawati la mwisho, kando ya dirisha, alikaa Tusekile.

Maana ya jina hilo unaijua: tumefurahi. Lakini pale shuleni hakuna aliyemwita hivyo. Watoto walimwita Bubu, bila ubaya, kama wanavyomwita mwingine Mrefu. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa wote, herufi zimesimama wima kama miche ya kitaluni, ila alizinakili kutoka ubaoni kama mtu anayechora maua. Hakujua zinasema nini. Darasa lilipoimba, alifungua na kufumba mdomo huku akiwatazama wenzake, asiachwe nyuma.

"Huyo hasikii," mwalimu mkuu aliniambia. "Anakuja kwa sababu bibi yake anataka akae na wenzake. Usijichoshe."

Hakusema kwa ukatili. Nadhani alisema kama alivyosema mwalimu wako zamani, mtu mwema asiyejua pa kuanzia. Mimi nilijua, mama, ingawa sikuwa na habari kwamba najua.

Ilikuwa wakati wa mapumziko. Tusekile amekaa kwenye ngazi ya darasa, anamenya gimbi la kuchemsha alilofungiwa kwenye jani la mgomba. Nikachuchumaa mbele yake, nikajikuna mgongo wa kiganja. Hilo ndilo lilikuwa neno letu la gimbi, kwa jinsi linavyowasha mikono likiwa bichi, nawe ulikuwa ukijikuna kila jioni unapoandaa mzigo wa soko. Tusekile akaacha kutafuna. Akatazama mkono wangu, akatazama gimbi, akanitazama usoni kwa muda mrefu. Kisha akatikisa kichwa. Hapana, nimekosea. Akapuliza ncha za vidole vyake, fuu, fuu, kama mtu aliyetoa kitu cha moto kwenye sufuria, akalisogeza lile gimbi karibu na macho yangu nilione vizuri.

Kwetu gimbi ni kitu kinachowasha. Kwao ni kitu kinachounguza vidole. Alikuwa ananisahihisha!

Mtoto ambaye shule nzima iliamini hana neno hata moja alikuwa na neno lake, na alikuwa tayari kulitetea mbele ya mwalimu. Nikapuliza vidole vyangu. Akacheka, kicheko kile cha mtu asiyejisikia anavyocheka, kirefu, kisicho na haya, nikapiga magoti palepale kwenye tope na sketi yangu ya heshima.

Kuanzia hapo mikono yake ilifunguka kama mto Kiwira wakati wa masika. Akanieleza habari za mbuzi aliyekula kanga ya bibi. Akanieleza mama yake yuko mbali, akionyesha kwa kidole upande wa Mbeya, kisha akajikumbatia. Akanieleza kuhusu mtoto wa jirani anayemvuta nywele, na jinsi yeye anavyomlipa kwa kumkanyaga. Mengine niliyaelewa kwa sababu yalifanana na yako. Mengine nilikisia, naye akarudia bila kuchoka, akinishika kidevu nisitazame pembeni, kama ulivyokuwa ukinishika wewe. Madamu Zuhura alikuwa amesimama mlangoni, chaki mkononi.

"Subhanallah," alisema. "Kumbe alikuwa anaongea muda wote huu."

"Hakuwa na wa kuongea naye, Madamu."

Kesho yake Tusekile alikaa safu ya mbele.

Kumfundisha hakukuwa rahisi, sitakudanganya. Ba, be, bi haikumfaa kitu. Usiku nililala nikiwaza nimwanzie wapi, na ndipo nilipokumbuka siku niliyokuonyesha jina lako. Nilikuwa darasa la pili. Nilitandaza majivu sakafuni, nikaandika kwa kijiti, SUBILAGA, nikakuonyesha kwa kidole, nikarudi kwenye majivu, nikakuonyesha tena. Ulitazama kwa muda, halafu ukaweka kiganja kifuani na kuniuliza kwa nyusi: mimi? Nikaitikia kwa kichwa. Hukufagia majivu yale mpaka kesho yake. Uliyazunguka ukipika, ukimzuia na baba asikanyage.

Basi nikafanya vilevile. Kitu chenyewe, ishara yake, na neno lake lote zima ubaoni. Gimbi. Mbuzi. Ndoo. Mlango. Alipoelewa mchezo ni upi, sikupata tena raha. Alinivuta mkono wa sweta kutwa nzima, akigusa kila kitu, akinitia chaki kiganjani niandike. Fagio? Jiwe? Kikombe? Sikio? Siku hiyo ya sikio nilisita kidogo, yeye hakusita. Aliandika SIKIO vizuri, akaligusa lake, akaendelea na PUA.

Halafu ikaja asubuhi ambayo sitaisahau nikiwa hai. Tulikuwa tumewahi shuleni, wengine bado. Ukungu ulikuwa umeziba kila kitu, hata mlingoti wa bendera hauonekani. Tusekile akanishika mkono, akanitoa nje hadi katikati ya uwanja, akasimama. Akapitisha mkono wake kwenye ule ukungu, polepole, kama anayepapasa ngozi ya ng'ombe. Akafumba ngumi, akaileta karibu na uso, akaifungua, haina kitu. Akanitazama. Kisha akanitia chaki kiganjani.

Alikuwa anauliza kama na hiki kina jina. Kitu kisichoshikika, kisicho na mwanzo wala mwisho, ambacho amezaliwa ndani yake, je, na chenyewe kinaandikika?

Nikamrudisha ukutani, nikaandika UKUNGU. Aliligusa neno kwa kidole, herufi baada ya herufi. Akageuka akautazama ukungu wote ule, kutoka uwanjani hadi mahali ambapo Mlima Rungwe ungekuwepo kama ungeonekana. Akarudi kwenye neno. Mama, nimeona watu wakishangaa, lakini sijaona mtu aliyeshangaa vile. Alishangaa kwamba kitu kikubwa namna ile kimetosha kwenye ukuta. Nami nilishangaa naye, kwa kuwa mimi nimeandika neno lile miaka yote na sikuwahi kulitazama.

Haikupita muda mrefu, Tusekile akaacha kuja shule.

Nilipouliza, watoto walisema pikipiki nusura imgonge. Alikuwa akivuka lami kuja shuleni, bodaboda akapiga honi wee, mtoto asigeuke, mpaka akalazimika kujitupa mtaroni na pikipiki yake. Hakuna aliyeumia. Lakini bibi yake alisema basi. Siku iliyofuata nilimsubiri mpaka kengele ikagongwa, na ya pili, na ya tatu. Dawati lake lilikaa tupu pale mbele, na watoto hawakuligusa. Ijumaa nikavaa mabuti nikashuka bondeni kwao.

Nilimkuta bibi anaanika maharage. Alinikaribisha kwa Kiswahili cha kusuasua, nikamwambia tuzungumze kikwetu tu, akashusha pumzi kama aliyetuliwa mzigo. Tusekile alikuja mbio akanikumbatia kiunoni, halafu akaanza kunivuta sweta kuelekea kwenye jembe, kuelekea kwenye kuku, kuelekea kila kitu ambacho bado hakijaandikwa.

"Mwanangu, mimi sikatai shule," bibi alisema. "Namwona, amebadilika. Ananichorea chorea kwa mkaa ukuta mzima. Lakini pikipiki haina huruma, na huyu hasikii honi. Mama yake alipokwenda Mbeya kutafuta maisha aliniachia mimi. Nikimzika, nitamwambia nini?"

Nikamwambia tu kwamba mama yangu alikuwa hasikii, na kila siku ya soko alivuka lami ile ile na mzigo kichwani, miaka yote, hadi Mungu alipomchukua kitandani pake.

Bibi akaacha maharage. "Mama yako ni nani?"

"Subilaga, wa Mpuguso."

"Yule wa magimbi? Aliyekuwa akicheka soko zima linageuka?"

"Ndiye."

Alijishika mdomo. Akanitazama sana, akitafuta uso wako kwenye uso wangu, nadhani akauona maana macho yake yalilainika.

"Mimi nilinunua kwake," alisema. "Nanyoosha vidole vyangu, na yeye ananyoosha vyake, tunabishana hivyo mpaka tunacheka wote. Na tulipogundua kwamba huyu mtoto hasikii, nikalia siku moja, siku ya pili nikamkumbuka mama yule. Nikajiuliza, alilelewaje hata akawa mtu namna ile?"

Mama, ulikuwa unauza magimbi tu, ukicheka. Hukujua kwamba kuna mwanamke amerudi nyumbani na kicheko chako, akakiweka, na siku aliyokata tamaa akakitoa.

"Alivukaje barabara?" bibi akauliza. "Nionyeshe."

Nikasimama pale uani nikamwonyesha. Jinsi ulivyotembea siku zote upande ambao magari yanakuja usoni, kamwe si mgongoni. Jinsi ulivyosimama ukingoni na miguu yote miwili, ukatazama kulia, ukatazama kushoto. Na ile ya mwisho, ambayo watu wenye masikio hatuifanyi: jinsi ulivyotazama nyuso za watu waliosimama ng'ambo. Macho yao yakikimbilia upande mmoja, unajua kitu kinakuja kutoka huko kabla hakijatokea kwenye kona. Nilipokuwa mdogo nilidhani nakushika mkono nikuvushe. Nilikuwa mkubwa nilipogundua kwamba ulishatazama kila kitu, na ndiwe uliyekuwa ukinivusha.

Jumatatu tulikwenda barabarani wote watatu. Tulirudia Jumanne, na wiki yote ile. Siku aliyovuka peke yake bibi alisimama amejitwika mikono kichwani, akinong'ona maombi. Tusekile alisimama ukingoni. Kulia. Kushoto. Kisha akainua macho, akatusoma nyuso. Mimi nilikuwa nimetangulia ng'ambo. Niliona lori la chai likikunja kona kwa mbali na nikageuza macho bila kukusudia. Aliliona machoni pangu. Akarudi nyuma hatua moja, akasubiri, lori likapita na upepo wake, ndipo akavuka, taratibu, kama malkia.

"Ndaga," bibi aliniambia, asante kwa lugha yetu. "Ndaga fijo." Akarudi zake bondeni kwenye maharage.

Sasa nikusimulie siku ya mvua.

Mvua ya kwetu uliijua kwa kiganja ukutani na kwa harufu, hukuwahi kuisikia ikiwa juu ya bati. Hapana cha kufananisha. Ikianza kumwagika, mwalimu anaweza kupasua koo na mtoto wa dawati la kwanza asipate hata neno. Kwa hiyo shule zote za huku zina desturi moja. Mvua ikinyesha kwa nguvu, masomo yanasimama, watoto wanakunja mikono juu ya madawati, wanasubiri. Huwa ni kusinzia au vurugu.

Siku hiyo Madamu Zuhura alikuwa amejaza ubao mzima maneno ya marudio. Mvua ikaangukia bati kana kwamba mlima umemwagwa. Madamu akafungua mdomo, akaufumba, akaweka kijiti cha kuonyeshea mezani, akaketi. Watoto wakaanza kukunja mikono.

Tusekile akatazama huku na huku. Nadhani hakuelewa kwa nini kazi imekoma. Kwake hakuna kilichobadilika. Akainuka, akaenda mbele, akachukua kijiti, akagusa neno MBUZI, akawageukia wenzake na kunyanyua nyusi.

Kisha darasa zima, wote, kutoka mbele hadi ukutani, wakatoa pembe kichwani kwa vidole.

Sikuwafundisha, mama! Walikuwa wamejifunza uwanjani, wakicheza naye, wakimwibia maneno mdomoni, nataka kusema mikononi. Akagusa NDOO, mikono yote ikainua ndoo. Akagusa MLANGO, milango ikafunguka hewani darasa zima. Akagusa UKUNGU, na mikono midogo isiyohesabika ikapita polepole mbele ya nyuso, ikafumba ngumi, ikafungua, haina kitu. Mtoto mmoja wa nyuma alikosea, Tusekile akamfuata hadi dawatini, akamrekebisha vidole, akarudi mbele. Yule binti aliyemwona baba yake kwenye daftari akainua mkono kuomba zamu, akasimama kando yake, wakawa wanafundisha wawili.

Mimi na Madamu tulikaa pembeni kama wageni kanisani.

Mwalimu mkuu akatokea mlangoni, maji yanamtiririka, nafikiri alikuja kuona kama kuna fujo. Akasimama. Akasema kitu, hatukusikia. Akasema tena kwa nguvu, mishipa ya shingo ikamtoka, hatukusikia. Tusekile akamnyooshea kijiti, akagusa neno MVUA ubaoni, akamnyanyulia nyusi kama alivyowanyanyulia wengine wote. Mwalimu mkuu akanitazama mimi, anaomba msaada. Nikacheza vidole kichwani, ishara yako ya mvua. Naye, mtu mzima yule na upara wake unaong'aa maji, akainua mikono akacheza vidole juu ya upara. Darasa likaangua kicheko ambacho hakuna aliyekisikia. Niliona meno tu, na mabega yakiruka.

Aliketi kwenye dawati la Tusekile, magoti yakimgota kidevuni, akakaa mpaka mvua ilipokatika. Maisha yangu yote nimewaona wenye masikio wakiwa ndani na asiyesikia akiwa nje akichungulia. Kwa muda wa mvua ile hapakuwa na nje. Nilikutamani wewe, mama. Nilitamani ungekuwa umekaa dawati lolote, hata la mwisho, na kanga yako kichwani.

Mvua ilipotulia, mwalimu mkuu aliniita ofisini.

"Mwaka huu unaomba ualimu wa nini?"

"Wa shule ya msingi, Mwalimu, wa kawaida."

"Kuna wa elimu maalumu, wa wanafunzi viziwi. Omba huo." Akafuta kichwa kwa leso. "Mimi nimekaa kazini muda mrefu nikidhani mtoto yule hana kitu. Watakuja wengine. Nataka uwepo."

Nikarudi steshenari kwa dada yule yule. Majina yalipotoka nilimwomba Madamu Zuhura anisindikize. Dada akashusha ukurasa. Akaupandisha. Akageuka, akatabasamu kabla hajasema kitu, nami nikajua.

"Umo, mdogo wangu."

Madamu Zuhura alipiga kigelegele ambacho kilitoa watu kwenye maduka.

Basi nipo chuoni sasa, mbali, kwenye joto. Baba hajambo, anakusalimu, amejifunza kupika magimbi ila anayaunguza. Madamu Zuhura ananipigia simu, anasema Tusekile amepanda darasa la pili na anaandika sentensi. Tunataka akasome Mbeya, kwenye shule yenye walimu wa viziwi na bweni, akae na watoto wanaozungumza kama yeye, karibu na mama yake. Bibi bado anasita. Anasema akue kidogo kwanza. Simlaumu, tutamngoja, tutamwomba tena.

Lakini kilichonifanya nikae niandike ni hiki. Siku ya kwanza ya somo la lugha ya alama tulikuwa tumejaa darasani tunapiga kelele. Akaingia mwanamke wa umri wako, suti ya kahawia, miwani. Hakusema neno. Aliweka mkoba mezani, akainua mikono, akaanza kufundisha. Pembeni alisimama kijana wa kututafsiria kwa sauti, kwa sababu sisi ndio tuliokuwa hatuelewi.

Mama, ni kiziwi. Amezaliwa hivyo. Amesoma mpaka chuo kikuu. Ana darasa, ana ufunguo wa ofisi, wanachuo wanasimama akiingia. Alikuwa akieleza habari za vyombo vya habari, na sheria, na mfumo wa lugha yenyewe, mikono ikienda kasi na kwa mpangilio, nami nilikuwa naona mikono yako, yale maneno yako ya jikoni na sokoni, yamekua yakawa na sarufi na vitabu. Machozi yalinitoka bila kuniomba ruhusa.

Mwisho wa kipindi aliniashiria nibaki. Akaniuliza, polepole ili nimfuate, kwa nini wenzangu wote walikuwa wakitazama mikono yake, na mimi peke yangu nilikuwa nikimtazama uso. Wanaoanza, alisema, hawajui kwamba nusu ya maneno iko usoni. Nani alinifundisha?

Mama yangu, nikamjibu.

Akauliza kama wewe ni mwalimu.

Nikasema ndiyo.

Akainamisha kichwa kwa heshima, kama mtu anayemsikia mwenzake wa kazi. Akachukua mkoba wake, akafika mlangoni, akageuka. Akaniambia kwa mikono nikuletee salamu zake, salamu za mwalimu kwa mwalimu.

Pokea, mama. Ndizo hizi.

Ni mimi mwanao wa pekee,
Atuganile